"Garble": Neno Lililotoka Kwenye Chekeche

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mimi ni karani katika godauni moja ya viungo huku Shimanzi, Mombasa. Mwezi uliopita tulipokea shehena ya pilipili manga kutoka India, na kila gunia lilikuwa limepigwa chapa ya Kiingereza isemayo "Malabar Garbled". Kijana mmoja aliyemaliza shule juzijuzi aliyaweka magunia hayo kando pamoja na yale yaliyolowa maji, akisema kwamba neno hilo maana yake ni "iliyovurugwa", kwa kuwa mwalimu wake aliwafundisha kwamba "garbled message" ni ujumbe uliopotoshwa. Bosi wetu alicheka sana, akasema hiyo ndiyo pilipili safi kuliko zote tulizo nazo. Niliporudi nyumbani nilifungua kamusi ya mwanangu, nikakuta kwamba kijana alisema kweli. Je, neno moja linawezaje kumaanisha pilipili safi na papo hapo likamaanisha ukweli uliopotoshwa? Na katika daftari letu la Kiswahili tuandike nini?

Msomaji, Mombasa

JIBU

Ndugu msomaji, mrudishie kijana heshima yake, kwani hakukosea, na bosi wako pia hakukosea. Kosa la kijana ni moja tu, nalo ni kudhani kwamba maana aliyofundishwa darasani ndiyo maana ya kwanza, ilhali kwa umri hiyo ni kitukuu, na mzee wake ndiye aliyepigwa chapa kwenye magunia yenu.

Kitenzi "garble" kilizaliwa katika biashara ya viungo. Waarabu wana neno "ghirbali", yaani chekeche, na kitenzi "gharbala", yaani kuchekecha, ambacho wachunguzi wengi wa maneno wanakiona kuwa nacho kilitokana na neno la Kilatini "cribellum", chekeche dogo. Ikiwa ndivyo, basi neno hili liliondoka Ulaya, likahamia Arabuni, kisha likarudi Ulaya mikononi mwa wachuuzi wa Bahari ya Mediterania pamoja na pilipili, mdalasini na tangawizi. Waitalia wakalitamka "garbellare", na Waingereza walipolipokea katika karne ya 15 lilikuwa na kazi moja tu ya kueleweka: kuchekecha viungo na kuvichambua ili kutoa vumbi, vijiti, mawe na punje mbovu.

Kazi hiyo haikuwa ndogo. Pilipili ilikuwa ikiuzwa kwa uzito na kwa bei ya juu, na mtu aliyeacha kilo mbili za vumbi ndani ya gunia alikuwa ameuza vumbi hilo kwa bei ya pilipili. Mjini London jukumu la kukagua na kuchambua viungo liliwekwa kwa muda mrefu mikononi mwa chama cha wafanyabiashara wa viungo, Grocers' Company, na mwaka 1604, katika utawala wa mfalme James I, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mahususi kuhusu uchambuaji mzuri wa viungo. Palikuwa na ofisa wa mji ambaye cheo chake kilitokana na kitenzi hiki, aliyekuwa na haki ya kuingia dukani na kukagua viungo vya mwenye duka. Kwa watu wa wakati ule, kitu kilichokuwa "garbled" kilikuwa kitu cha kuaminika. Hata Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake maarufu mwaka 1755, bado alikieleza kitenzi hiki kuwa ni kuchekecha, kutenganisha kizuri na kibaya.

Maana hiyo haikufa, na magunia yenu ni ushahidi. Katika madaraja ya pilipili ya jimbo la Kerala, "Malabar Garbled" ni pilipili ya pwani ya Malabar iliyochambuliwa, na ile isiyochambuliwa nayo huuzwa kwa jina lake, yaani "Ungarbled". Daraja la kwanza, linaloandikwa kwa kifupi MG1, halitakiwi kuwa na taka zaidi ya nusu ya asilimia moja, wala punje nyepesi, zile pofu zisizo na kitu ndani, zaidi ya asilimia 2. Juu yake kuna daraja linaloitwa kwa jina la mji wa Tellicherry, ambao siku hizi huitwa Thalassery, na punje zake kubwa kabisa ni zile zinazobaki juu ya chekeche lenye matundu ya milimita 4.75. Kwa hiyo ghirbali ya Mwarabu bado inatikiswa, na neno lake bado limeandikwa kwenye gunia, ingawa wanaolisoma wengi wamesahau lilitoka wapi. (Sisi nasi tusijione wajuzi. Zao hili la India tumeliita pilipili manga, yaani pilipili ya Arabuni, kwa sababu tulimtazama aliyeshuka nayo jahazini na hatukuuliza alikoipakia.)

Sasa neno liligeukaje? Mtu anayechambua ana mamlaka ambayo mnunuzi hana: yeye ndiye anayeamua kipi kibaki na kipi kitupwe. Maadamu kilicho mbele yake ni pilipili, mamlaka hayo hayana madhara, kwa kuwa jiwe ni jiwe kwa kila mtu. Lakini katika karne ya 17 Waingereza walianza kukitumia kitenzi hiki kwa mambo mengine, wakizungumzia kuchambua jeshi au baraza, yaani kuwaondoa wasiotakiwa na kuwabakiza wanaotakiwa, na hapo ndipo swali la "wasiotakiwa na nani?" lilipoingia. Kufikia mwishoni mwa karne hiyo walikuwa wakikitumia kwa maandishi: mtu anachukua hati au hotuba ya mwenzake, anaipitisha kwenye chekeche lake, anabakiza maneno yanayomfaa na kuyatupa yale yaliyokuwa yakiyazuia. Kitendo ni kile kile cha kuchagua, ila mchaguzi sasa anabakiza makapi na kutupa nafaka.

Maana hii ya pili ndiyo ninayotaka tuitazame kwa karibu, kwa sababu inataja aina ya uongo ambayo watu wengi hawaioni kuwa uongo. Watoto wa madrasa wanaujua mfano wake tangu wakiwa wadogo. Katika Sura ya 107 ya Kurani, aya ya nne inasema "Basi, ole wao wanaosali", na anayekomea hapo amepata ruhusa ya kuacha sala maisha yake yote; aya ya tano ndiyo inayosema ni wanaosali gani, ambao ni wale wanaopuuza sala zao. Wakristo nao wana wa kwao. Maneno "Hakuna Mungu" yamo ndani ya Biblia, katika Zaburi ya 14, neno kwa neno, bila kuongezwa hata herufi, ila kabla yake yapo maneno mengine matatu: "Mpumbavu amesema moyoni". Anayeyanukuu yale mawili ya mwisho peke yake hajatunga kitu, hajabadilisha kitu, na bado amesema kinyume kabisa cha kile kilichoandikwa.

Jambo hili liliwahi kunipata mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilisema katika mkutano mmoja wa walimu: "Istilahi za sayansi katika Kiswahili hazitoshi, wanasema watu ambao hawajafungua hata kamusi moja ya istilahi hizo." Keshoye gazeti moja, ambalo sitalitaja, liliandika kwa herufi kubwa kwamba istilahi za sayansi katika Kiswahili hazitoshi, na jina langu likawekwa chini ya maneno hayo. Nilimpigia simu mhariri, naye akanijibu kwa upole kabisa kwamba hakuna neno hata moja hapo ambalo mimi sikulisema. Alikuwa sahihi. Sikuwa na neno la kumwonyesha na kumwambia "hili si langu", na kwa muda nilikaa na simu mkononi nikitafuta kitenzi cha kumshitakia. Kumwambia "umeninukuu vibaya" hakukutosha, maana aliyenukuu vibaya huwa amebadilisha maneno. Laiti tungekuwa tunazungumza Kiingereza, ningemwambia "you garbled my words", na angejua nimemshika wapi.

Kwa Kiswahili basi tusemeje? Wengi huandika "kupotosha", nami silikatai neno hilo, ila ni pana mno: linamchukua aliyebadilisha, aliyeongeza, aliyepunguza na hata aliyeeleza vibaya kwa kutojua. Ukitaka kukitaja kitendo chenyewe, kitenzi kinachokaribia zaidi ni "kunyofoa". Maneno yaliyonyofolewa ni ya msemaji kweli, lakini yametolewa kwa nguvu mahali yaliposhikilia, na msomaji hupaona palipochanika. Sentensi kama "Mwandishi ameyanyofoa maneno ya shahidi" inabeba karibu kila kitu ambacho "garble" ya maana hii inabeba, pamoja na lawama yake.

Ila kuna neno letu jingine ambalo siwezi kulipita, nalo ndilo tafsiri halisi ya ile "garble" ya mwanzo: "kuchambua". Yeyote aliyekaa Pemba msimu wa karafuu anajua kazi hiyo inavyokwenda. Jioni karafuu zikisharudi kutoka shambani, humwagwa chungu kubwa juu ya mkeka, watu wa nyumba wakaizunguka, na kila mmoja huchukua kishada, akakishika kwenye kikonyo kwa mkono mmoja, na kwa kiganja cha mkono wa pili akazivunja karafuu zikaanguka upande huu na makonyo upande ule. Vidole hugeuka rangi na kunuka karafuu wiki nzima. Makonyo nayo hayatupwi. Hupelekwa kiwandani Wawi yakakamuliwa mafuta. Kazi hiyo, pamoja na ya kuchambua pamba na kuchambua mchicha, ndiyo iliyotupa "uchambuzi" na "mchambuzi", maneno tunayompa heshima nayo mtu anayechukua shairi, bajeti au mechi ya mpira na kutuonyesha kipi ni kipi. Ni kazi moja ya mikono, ya kutenganisha punje na taka. Waingereza waliipeleka kwenye maneno wakapata jina la hila, nasi tukaipeleka kwenye maneno tukapata jina la elimu. Sidhani kwamba hilo linaonyesha nani mwaminifu kuliko mwenzake, maana wachambuzi wetu wa redioni wapo wanaotupa nafaka vilevile, lakini ni jambo la kufurahisha kulijua.

Ipo bado maana ya tatu, ambayo ndiyo inayotumika zaidi leo na ndiyo aliyofundishwa kijana wako. Hapa hakuna mchaguzi wala hila. Simu inakatikakatika na maneno yanafika nusu nusu. Barua pepe inafunguka ikiwa na alama zisizosomeka mahali pa herufi. Mtoto anatumwa kwa jirani na ujumbe wa sentensi tatu, anafika na sentensi moja na nusu, tena kwa mpangilio wake mwenyewe. Kiingereza kinasema ujumbe huo ni "garbled", kwa umbo lile lile ambalo kingelitumia kwa gazeti lililoninyofolea maneno, na msomaji anaachiwa kukisia kama kuna wa kulaumiwa. Kiswahili hakina shida hiyo, kwa kuwa kauli zetu za vitenzi zimeshagawana kazi. Ukisema "maneno yamevurugwa", kauli ya kutendwa inadai mtendaji, na msikilizaji atauliza ni nani. Ukisema "maneno yamevurugika", kauli ya kutendeka inaeleza hali ya maneno na haimnyooshei mtu kidole. Mfasiri anayekutana na "garbled" katika hati ya Kiingereza, hasa hati ya mahakama au ya polisi, asichague neno kabla ya kujiuliza kama palikuwa na mkono wa mtu, maana herufi hiyo moja ya "yamevurugwa" inaweza kumtia hatiani karani asiye na kosa lolote zaidi ya kuwa na mashine mbovu ya kurekodia sauti.

Matumizi mengine nitayapitia kwa haraka. Kitenzi hiki hupokea maneno, ujumbe, habari, nukuu au jina la mtu kuwa yambwa yake, yaani kile kinachotendwa, wala hakimpokei mtu mwenyewe; hakuna asemaye "he garbled me". Umbo la "garbled" huonekana mara nyingi kuliko kitenzi chenyewe. Na wanafunzi wetu wajihadhari na majirani zake wawili wa sauti: "gargle" ni kusukutua koo, na "gabble" ni kusema kwa haraka kama mtu anayekimbizwa. Nimewahi kusahihisha insha ambamo mgonjwa aliagizwa na daktari "to garble with salt water", na sijui ni ukweli gani ambao maji ya chumvi yangeupotosha.

Katika daftari lenu, ndugu msomaji, andikeni "pilipili manga iliyochambuliwa", na ile nyingine "isiyochambuliwa".

SWALI

Ndugu Mhariri,

Nafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari mkoani Tabora. Wanafunzi wangu huandika "distort" na "twist" popote penye ukweli uliogeuzwa. Je, maneno haya hayatofautiani?

Mwalimu, Tabora

JIBU

Yanatofautiana kwa picha iliyomo ndani yake, na kwa kuwa Mwalimu anafundisha vijana, njia nyepesi ni kuwaonyesha picha hizo kwa vitu. "Distort" inatokana na kitenzi cha Kilatini "torquere", kusokota au kupinda, ambacho pia ndicho mzazi wa neno la Kiingereza la mateso, "torture". Kitu kilichofanywa hivyo kipo chote, hakikupunguzwa, ila kimepoteza umbo: sura ndani ya kioo kibovu, sauti ndani ya spika iliyopasuka, ukubwa wa nchi katika ramani. "Kupotosha" kwetu kunalingana nalo vizuri sana, kwa kuwa kupotoka ni kuacha kunyooka. Kwa hiyo mlete darasani kijiko kinachong'aa, kila mmoja ajitazame mgongoni mwa kijiko, na wataelewa kwamba pua ni yake na macho ni yake, lakini uso si wake.

"Twist" ni ndugu wa nyumbani wa "distort". Ni neno la mazungumzo, la mtu aliyeudhika, na Kiswahili chake kipo tayari katika vinywa vya watu: "Usinigeuzie maneno", au "Unayapinda maneno yangu". Mwanafunzi asilitumie katika ripoti ya maabara.

Kwa "garble" ya maana ya hila, kama nilivyomweleza msomaji wa Mombasa, mchukulie mwanafunzi aya ya sentensi tano na umwambie afute mbili ili aya iseme kinyume, bila kuongeza wala kubadilisha neno. Akifaulu, hatalisahau neno hilo. Nilishuhudia zoezi la namna hii likichukua kipindi kizima, na waliofaulu haraka kuliko wote ni wale waliokuwa wakikaa nyuma kabisa.

SWALI

Mhariri, shikamoo. Mimi ni ripota mchanga hapa Dar es Salaam. Bosi wangu amekata neno "kuchakachua" katika habari yangu na kuweka "kupotosha". Niliandika kwamba taarifa ya kamati imechakachuliwa. Je, nilikosea?

Ripota, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, kijana. Hukukosea lugha, pengine umekosea mahali, na pengine umekosea kitendo.

"Kuchakachua" nalo ni neno lililotoka kwenye bidhaa likaingia kwenye ukweli, kama "garble", ila lilianza upande wa pili wa mizani. Watanzania walilizoea kwanza kwa mafuta: petroli au dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ikauzwa kwa madereva, magari yakafa njiani. Kufikia uchaguzi mkuu wa mwaka 2010 lilikuwa limeshahamia kwenye kura, na tangu hapo hakuna kilichosalimika, kuanzia mitihani na matokeo hadi mapenzi. "Garble" lilianza kama kusafisha likaishia kuchafua, na hili letu lilianza chafu likabaki chafu, jambo ambalo angalau halimdanganyi mtu.

Kuhusu mahali: neno hili lina harufu ya mtaani ambayo inafaa katika safu ya maoni au katika nukuu ya msemaji, lakini habari ya ukurasa wa kwanza inayomtuhumu mtu inahitaji kitenzi kinachoweza kusimama mbele ya hakimu. Kuhusu kitendo: kuchakachua ni kutia ndani kitu kisichokuwamo. Sasa itazame tena hiyo taarifa ya kamati. Ikiwa mtu ameingiza takwimu za kubuni, andika kwamba taarifa "imeghushiwa". Ikiwa aya zilizoudhi wakubwa zimeondolewa na zilizobaki ni za kamati yenyewe, basi hakuna kilichochakachuliwa. Andika kwamba aya hizo "zimenyofolewa", na utaje ni ngapi na zilikuwa ukurasa gani, kisha umrudishie bosi wako. Neno la bosi, "imepotoshwa", litumieni wote wawili pale tu ambapo mmeiona taarifa ya awali na ya mwisho, mmezilaza mezani moja kando ya nyingine, na bado hamjaweza kukubaliana ni kipi kilichofanyika.